TAHADHARI: Feni za kutoa hewa za "masalia ya mradi wa gesi", Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Kusini, hasa wenye mabanda ya kubangulia korosho, majiko ya hoteli na maghala: kuna mtu anapita akiuza feni za ukutani za kutoa hewa, anasema ni masalia ya mradi wa gesi. Msimpe hela. Mimi kaniuzia moja kwa laki tano na nusu, na akina mama wanaonibangulia bado wanakohoa.

Anakuja na gari, feni ziko kwenye maboksi yasiyo na jina la kiwanda. Ana maneno matamu, "dada yangu" haimtoki mdomoni. Banda langu alilipima kwa futi kamba mbele ya macho yangu: mita 10 kwa 8, kimo mita 3.5. Akasema, "Dada yangu, hapa una mita za ujazo 280. Feni hii inatoa 9,000 kwa saa. Kila dakika mbili hewa yote inakuwa mpya." Hesabu yenyewe haina kosa, na ndiyo iliyonimaliza. Akaiwasha palepale, ikavuma kwelikweli. Hela akataka kwa simu, na jina lililotokea halikuwa lile alilojitambulisha nalo. Risiti eti ataileta kijana wake kesho. Kesho hiyo haijafika.

Mnaoijua korosho mnajua kwa nini nilikuwa na haraka. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na moshi wake wakati wa kukaanga unachoma macho na kukaba koo. Siku ya tatu mama mmoja akaniita pembeni: "Dada, hii feni kelele tu. Moshi bado tunao."

Nikamwita fundi, akaja na kipima upepo. Akakipitisha kwenye uso wote wa feni, katikati na pembeni, wastani ukawa mita 3 kwa sekunde. Feni ina kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo tundu lake ni kama mita za mraba 0.07. Zidisha, kisha zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja: haifiki hata mita za ujazo 800. Ile hewa ya dakika mbili inachukua zaidi ya dakika 20.

Kisha nikakwangua kwa ukucha stika iliyobandikwa kwenye feni. Ikabanduka kona, chini yake kuna ya kiwandani: wati 65.

Na hili ndilo nataka mlishike, maana mngeweza kumnasa kabla hajashusha boksi. Chukua namba anayoitaja, gawa kwa 3,600, halafu gawa kwa eneo la tundu la feni. Kwa yangu, 9,000 inakuja mita 35 kwa sekunde, yaani kama kilomita 127 kwa saa. Huo ni upepo wa kimbunga! Sisi wa Mtwara tunakumbuka Aprili 2019 tulivyohangaika kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja. Kuisukuma hewa yote hiyo kwa kasi hiyo kunataka wati 1,800 hata kama hakuna kinachopotea njiani. Mota ya wati 65 itazitoa wapi?

Kwa haki niseme pia, hata feni halali haivuti moshi kutoka mbali. Ukirudi nyuma umbali sawa na kipenyo chake tu, kasi ya hewa imeshashuka hadi kama sehemu ya kumi. Ndiyo maana fundi amenishauri kofia ya bati juu ya karai la kukaangia, na tundu la kuingizia hewa ukuta wa pili. Banda likifungwa kote, feni haina hewa ya kutoa.

Kuna mwenzetu wa Lindi, ana jiko la hoteli, huyu kapigwa vibaya zaidi. Kauziwa feni ileile pamoja na bomba refu lenye kona tatu. Feni ya mapanga inafaa kutoboa ukuta na kutoa moja kwa moja. Ukiifunga kwenye bomba refu inazidiwa, hewa inarudi. Kazi ya bomba ni ya bloa, ile yenye umbo la konokono. Muuzaji alijua, maana aliulizwa, akajibu "zote sawa".

Ninazo picha za stika zote mbili, ya juu na ya chini, pamoja na ujumbe wa muamala. Jumatatu asubuhi napeleka polisi. Kama nawe umeuziwa, kwangua stika, piga picha, nitumie inboksi kabla ya Jumapili jioni ili malalamiko yaende pamoja. Na kama yuko mlangoni kwako sasa hivi, mwambie aiache uipime kwanza kabla hujalipa.