Nilinunua filta ya vijinyuzi, fundi wao akavimwaga mtaroni

Nina wiki kama mbili na hasira hii. Nilidhani itapoa, lakini kila nikitoka nyuma kuanika shuka nauona ule mtaro, inapanda upya. Basi leo naandika.

Nafanya kazi ya udobi Msasani, mashine mbili, wateja ni majirani na wenye nyumba za kupangisha wageni. Kichochoro chetu hakina bomba la majitaka la kujiunga nalo, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Dar. Maji ya kufulia yanaingia mtaroni, mtaro unaingia baharini, na bahari yenyewe ni hapo hapo, wavuvi wakipandisha mitumbwi unawasikia. Kwa miaka nilichojali ni sabuni tu. Siku moja nikafua blanketi mbili za waridi, zile laini nyepesi za mitumba, kisha nikaona utando wa waridi umetanda juu ya maji ya mtaro kama vumbi la chaki. Niliingiza kidole, kikatoka na manyoya. Nilikuwa naamini zile blanketi ni za pamba. Kumbe ni plastiki iliyosokotwa! Na jezi za mpira nazo, iwe ya Simba au ya Yanga, ni plastiki hiyo hiyo, inaitwa poliesta.

Nikaanza kusoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2016 kwamba mzigo mmoja wa kilo 6 wa nguo za akriliki, nayo ni plastiki, unaweza kutoa vijinyuzi, yale manyoya ya plastiki, zaidi ya 700,000. Mzigo mmoja! Mimi kwa siku nafua mizigo minane, tisa. Hesabu ile sikuimaliza, nilisikia vibaya. Huko Ufaransa walipitisha sheria mwaka 2020 kwamba mashine mpya za kufulia ziwe na filta ya vijinyuzi kuanzia 2025. Hapa kwetu sheria hiyo haipo, nikasema sawa, nitafunga mwenyewe.

Duka lililoniuzia silitaji jina. Hela niliyotoa ni laki tatu na ushee, na kwa dobi wa mashine mbili hiyo si hela ya mchezo. Kufunga walifunga vizuri, sina neno. Mpira wa kutolea maji unaingia kwenye kopo lililoning'inizwa ukutani, ndani ya kopo kuna wavu laini sana, maji yanapita, vijinyuzi vinabaki.

Na vinabaki kweli. Mara ya kwanza nilipofungua nilikuta tonge la kijivu, limelowa, laini kama sufi, linajaa kiganja. Nilimwita mama aje aone. Akalibonyeza kwa vidole, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, yote haya yalikuwa yanakwenda kwa samaki?" Siku ile ningeambiwa nitoe nyota kumi ningetoa.

Baada ya hapo mashine ikaanza kugoma. Inafua, ikifika kumwaga maji inasimama, nguo zinaelea ndani. Filta imeziba. Kijitabu cha maelekezo ni Kichina na vijipicha, kwa hiyo nikapiga simu dukani. Wakaniambia fundi anakuja kesho, akaja baada ya siku nne, shuka za wageni zinaninukia ndani ya beseni.

Sasa sikilizeni alichofanya. Kaka yule hakusalimia vizuri, akachukua spana, akafungua kopo. Nikamwambia, "Subiri kaka, nilete bakuli nitie uchafu wake." Nimegeuka tu kufuata bakuli, narudi namkuta nje, ameugeuza ule wavu juu ya mtaro, amefungulia bomba, anausugua kwa brashi ya kufagilia choo. Vijinyuzi vya wiki tatu vinaelea vinakwenda. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka ndani. Akanijibu, "Dada, uchafu ni uchafu. Ulitaka nikufungie kwenye gazeti uende nao?"

Ndiyo! Ndicho nilichotaka! Hicho ndicho nilicholipia!

Nikapiga simu dukani nikidhani nitaombwa radhi. Mkubwa wao akaniambia kwa sauti ya kuchoka kwamba wateja wao wote wanasuuza hivyo hivyo. Wote. Maana yake kila filta waliyouza inakusanya vijinyuzi kwa wiki mbili tatu, kisha inavimwaga baharini kwa mkupuo. Kuna faida gani? Afadhali wangeuza ndoo. Siku hiyo niliandika hapa "msinunue kabisa", nikafuta, nikaandika tena.

Ila nikisema msinunue nitakuwa naionea filta, kwa sababu kosa si lake. Nimejifunza mwenyewe jinsi ya kuisafisha. Naitoa jioni, naiacha ikauke usiku kucha, asubuhi yale manyoya yananyanyuka yenyewe kama kipande cha zulia. Yanayobaki nayakwangua kwa mwiko, nafunga kwenye mfuko, natia kwenye taka. Gari la taka litayapeleka dampo la Pugu, najua huko nako si peponi, lakini hayako tumboni mwa changu. Nimeacha pia sabuni ya unga, ndiyo iliyokuwa inagandisha wavu, natumia ya maji. Tangu hapo mashine haijagoma. Kwa hiyo nunueni, jamani, hasa ninyi wenye udobi.

Halafu juzi nimeiinua kwenye mwanga nikaona tundu. Si kubwa, punje ya mchele inapita. Ni ile brashi yake. Nikauliza bei ya wavu peke yake, nikajibiwa hawauzi wavu, ninunue filta nzima upya, laki tatu nyingine, kwa tundu alilotoboa fundi wao! Kwa hiyo hapana, kwao msinunue. Filta nunueni, kwao msinunue.

Nimeziba kwa gundi ya mafundi bomba na inashika, sijui kwa muda gani. Kama kuna mtu hapa Dar anauza wavu wa aina hii peke yake, au anajua wanakopata wenye mashine kubwa za hoteli, tafadhali aniambie. Nitafuata popote, hata iwe Mbagala.