lrzsz: Mtumaji Mwaminifu wa Faili za Binari
Kwa vifaa visivyo na mtandao wowote ila poti ya siriali (tundu la kebo linalopitisha data biti moja baada ya nyingine), lrzsz, programu huria inayotumia itifaki (kanuni za kutumiana data) ya ZMODEM aliyoibuni Chuck Forsberg mwaka 1986, bado ndiyo ninayoiamini. XMODEM, itifaki ya awali ya 1977, husubiri jibu kila baada ya pakiti ya baiti 128 na huacha baiti za kujazia mwishoni mwa faili, ilhali ZMODEM hutuma mfululizo, hukagua makosa kwa CRC (namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na data) ya biti 32, na mawasiliano yakikatika huweza kuendelea ilipoishia. Baiti 17 na 19, ambazo poti huweza kuzidhania kuwa amri za kuanza na kusimama, hubadilishwa umbo kabla ya kutumwa. Chaguo la -e la lrzsz hufanya hivyo kwa herufi zote za udhibiti. Maelezo ya programu hii, hata hivyo, humchosha anayeanza.