Programu ya Mp3tag imenirudishia nyimbo zote za iPod, na sijalipa hata mia

Hii naiandika kwa wenzangu mlio na iPod za zamani zimelala kabatini, maana kidogo tu nimpe fundi wa Kariakoo elfu themanini kwa kazi ambayo nimekuja kuifanya mwenyewe nyumbani nikiwa na kanga yangu.

iPod yenyewe ni ile ya gurudumu, GB 30, dada aliniletea kutoka Muscat alipokuja likizo 2007. Humo ndani kuna zilipendwa, taarab za harusini, bongo fleva ya enzi hizo, karibu nyimbo 3,100. Laptopu niliyoziwekea ilishakufa zamani na diski yake ikaenda nayo, kwa hiyo iPod ndo nakala pekee iliyobaki duniani, na betri yake siku hizi haifiki hata nusu saa inazima. Ndo nikasema wacha nizihamishe kabla hatujaagana kabisa.

Sasa shida ni kwamba iTunes, ile programu ya Apple ya kuwekea nyimbo kwenye iPod, ilitengenezwa iwe ya kwenda tu, kompyuta kwenda iPod, kurudi hakuna labda zile ulizonunua kwenye duka lao, na mimi sijanunua hata moja, zangu zote zilitoka kwenye CD na kaseti. Halafu ukiichomeka kwenye kompyuta mpya inaweza kukuuliza ifute kila kitu ipange upya, hapo ukikubali kwa haraka haraka ndo imetoka hiyo. Kwenye Windows shikilia Shift na Ctrl kwa pamoja wakati unachomeka waya, haitaanza kujipanga yenyewe.

Nilianza na programu moja ya kulipia, jina lake silitaji. Ikanionyesha nyimbo zangu zote zimepangwa na picha za kava juu, nikafurahi weee, nikabonyeza kukopi, ikatoa 50 ikasimama ikaomba kadi ya benki. Fundi naye nilipomuuliza akavuta pumzi kwanza kama daktari, nikajua bei inakuja.

Kumbe nyimbo ziko pale pale zimefichwa tu! iPod za gurudumu, na nano na shuffle pia, kompyuta inaziona kama fleshi. Unafungua, kwenye View unaweka tiki Hidden items, linatokea folda linaitwa iPod_Control, ndani kuna Music, na ndani ya Music kuna F00, F01, F02 mpaka F49 kwangu. Unakopi folda lote la Music unalibandika kwenye kompyuta, mimi ilichukua kama dakika 40 na iPod imepata joto kama pasi. Kama haionekani kama fleshi, shika Menu na kitufe cha katikati mpaka iwake upya, kisha hapo hapo shika katikati na Play, itafunguka. Ila kama iPod yako ilianzia kwenye Mac, Windows haitaisoma na itataka kuiformati, KATAA, tafuta mtu mwenye Mac.

Sasa ukishakopi ndo unakutana na kituko, majina yote ni herufi nne nne, KXQD, BZLU, kama namba za bodaboda, na nyimbo za msanii mmoja zimetawanywa folda hamsini. Hapo ndo Mp3tag inapoingia. Ni ya bure kwenye Windows, nyepesi, unaliburuta folda lote unalitupia, yenyewe inasoma maelezo yaliyomo ndani ya kila faili, jina la wimbo, mwimbaji, albamu, maana hayo iPod haiyafuti, inabadilisha jina la nje tu. Unachagua zote, unabonyeza Alt na 1, unaandika %artist% - %title% (yaani mwimbaji kisha jina la wimbo), unabonyeza sawa. Nilikaa natazama majina yanabadilika moja moja yanashuka, KXQD likageuka wimbo nilioucheza sendofu yangu, jamani nilipiga kigelegele mtoto akatoka chumbani anauliza kuna nini.

Nyota nne nimeipa, siyo tano. Kwanza orodha zako ulizozipanga kwenye iPod hazirudi, zile za "safari" na "kupika" zimeandikwa kwenye faili lingine ambalo Mp3tag hailigusi, kama kwako hizo ni muhimu basi hapo programu za kulipia zina haki yao. Pili mwonekano wake ni wa kiofisi, meza tupu na mistari, mara ya kwanza utaogopa. Na kwa iPod touch hii njia haifanyi kazi, ile haifunguki kama fleshi.

Tatu, ila hili siyo kosa lake, kisichoandikwa haiwezi kukisoma. Zile taarab nilizozitoa kwenye kaseti za mama hazikuwa na maelezo yoyote, Track 01, Track 02, zipo 64. Hizo nimemwita mama tukakaa sebuleni jioni tatu, nacheza sekunde kumi ananiambia huyu fulani, mwaka ule wa harusi ya mama mdogo, mimi naandika. Moja ukiisikiliza katikati kuna jogoo anawika, mama anasema tulirekodi redioni tukiwa ukumbini na mlango ulikuwa wazi.

Imebaki moja tu, dakika saba, sauti ya kike nzuri sana, mama kaisikiliza mara nne akasema huyu anamjua ila jina limemtoka. Nimeihifadhi kwa jina la "Muulize shangazi".