Nimekimbia kilomita 410 na raba za soli nene kwenye lami ya Dar

Raba hizi nimezivaa miezi mitano, na kwa hesabu ya simu yangu zimeshakimbia kilomita 410. Nadhani sasa nina haki ya kuzisema, kwa uzuri na kwa ubaya. Jina la kampuni nimeliacha makusudi, maana kampuni kubwa karibu zote siku hizi zinatengeneza aina hii: soli ya povu nene, nyuma imepanda kama upana wa vidole vitatu, mbele imeinuka kidogo kama omo ya mtumbwi. Nilizinunua mpya, dukani, kwa shilingi 265,000. Mume wangu aliposikia bei aliniuliza kama zinakimbia zenyewe.

Kwanza mjue mimi ni mkimbiaji wa namna gani, kwa sababu raba inayomfaa kijana wa kilo 58 inaweza isinifae mimi. Nina miaka 41, kilo 83, na kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa. Kikundi chetu cha kuogelea kilijipangia triathlon yetu wenyewe kule Kigamboni, ile ya umbali mfupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Kuogelea najua tangu utotoni, mimi ni mtoto wa pwani. Baiskeli niliazima kwa shemeji. Shughuli ilikuwa kwenye kukimbia. Kila njia ninayoipata ni ngumu. Nikitoka kwangu Kinondoni nakanyaga vitofali vya saruji vya pembeni mwa barabara, kisha lami mpaka Oysterbay, na nikitaka kunogesha naingia daraja la Tanzanite, zaidi ya kilomita moja ya zege juu ya bahari. Upepo wake mtamu, lakini kwa mguu ni kama kukimbia juu ya sakafu ya ghala.

Nilianza na mtumba kama watu wengi. Soko la Karume, shilingi 45,000, baada ya kuvutana kutoka 70,000. Kijana alizikunja mbele ya macho yangu, akazigonganisha, akasema, "Dada, hii namba moja, hata mjukuu wako ataivaa." Kwa juu zilikuwa safi kweli, na chini hazijalika. Kosa langu ni kwamba niliangalia juu na chini, katikati nikapasahau. Povu la katikati ndilo linalopokea kishindo, na povu huzeeka hata kama raba haivaliwi. Likipigwa na joto la kontena, halafu na jua la mezani sokoni, hukakamaa. Siku hizi nikifika Karume nabonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Likibonyea na kurudi, tunaendelea kuongea bei. Likiwa gumu kama kandambili iliyosahauliwa juu ya bati, au lina mikunjo iliyolala isiyotaka kunyooka, naziweka chini. Kisha naziweka zote mbili mezani na kuchungulia kwa nyuma. Zikiwa zimeinama upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alishazipinda kwa mwendo wake, na mimi sina haja ya kurithi mwendo wa mtu.

Zile za 45,000 zilinifikisha wiki ya tatu. Ugoko wa kushoto ukaanza kuuma, kwanza nikianza kukimbia tu, baadaye hata nikishuka ngazi asubuhi. Nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Akaniambia nimwonyeshe panapouma. Nikapitisha kiganja upande wa ndani wa ugoko, urefu wa shubiri hivi. Akasema afadhali, maana ningegusa kwa ncha ya kidole, pahali padogo kama sarafu, angeniambia niache kukimbia hapohapo na niende nikapimwe, isije ikawa mfupa umeanza kuweka ufa. Lawama zote nilizitupia lami na zege. Akanisikiliza, halafu akauliza: wiki unakimbia kilomita ngapi? Nikamwambia 25. Na mwezi uliopita? Sifuri.

Alichonieleza ndicho ningependa kila anayeanza triathlon akisikie kabla hajafungua pochi. Kuogelea na baiskeli vinakupa pumzi haraka. Ndani ya wiki chache moyo umezoea, unajiona mtu mpya, unakimbia kilomita sita bila kuhema. Lakini kuogelea hakumgongi mtu chini, na baiskeli umeikalia. Mifupa na kano za miguu havijui kwamba umeanza mazoezi. Vinahitaji miezi, siyo wiki, na kila ukitua unapotimua mbio mguu unabeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kwa kilo zangu, pigeni hesabu wenyewe. Kwa hiyo pumzi yangu ilikuwa imeshafika Bagamoyo, magoko yangu bado yako Mwenge.

Akanirudisha nyuma: mbio mara tatu kwa wiki, zisifuatane siku, dakika mbili kukimbia na moja kutembea. Hamu iliyobaki niimalizie kwenye baiskeli. Raba akasema nibadilishe, ila nisitegemee miujiza. Ndipo nikaenda dukani.

Sasa raba zenyewe. Siku ya kwanza kwenye lami nilicheka peke yangu barabarani. Ule mlio wa pa pa pa niliouzoea umegeuka kuwa kitu kama mto wa kulalia unaodondoka. Magoti yaliyokuwa yananing'ata kesho yake yakanyamaza. Ila baada ya wiki mbili mwenzangu ninayekimbia naye akaniambia, "Mbona siku hizi unatua kama gunia?" Kweli. Kwa vile sisikii kishindo, nilikuwa nimeanza kurusha mguu mbele na kutua na kisigino kwa nguvu. Mguu wa binadamu hujirekebisha wenyewe kulingana na unachokanyaga: juu ya kigumu hulegea, juu ya laini hukaza. Kwa hiyo ukinunua ulaini, mguu unaweza kuutumia wote ukabaki palepale. Wenye maduka hawana haja ya kukwambia hilo.

Dawa yake ilikuwa hatua fupi. Nilihesabu mguu wa kulia kwa nusu dakika, nikazidisha kwa nne: hatua 156 kwa dakika. Nikazipandisha kidogokidogo mpaka 166, bila kuongeza kasi. Hapo miguu inatua chini ya mwili badala ya mbele yake, na hii, naapa, ilinisaidia ugoko kuliko laki mbili na sitini na tano zote. Binti yangu alinishauri nifuate mdundo wa muziki. Alinipa singeli. Mwacheni mtoto.

Turudi kwenye raba. Zinapokubali ni kwenye lami kavu na zege la moja kwa moja. Darajani nazipa alama tisa kwa kumi. Zinapokataa ni kwenye vitofali vya saruji: soli ikiwa ndefu kiasi hiki umekaa juu kama mtu aliyevaa mchuchumio, na kitofali kimoja kikiwa kimeinuka kifundo kinayumba. Niliteguka kidogo mara moja, karibu na kituo cha daladala, mbele ya hadhara. Mvua ikinyesha zinateleza kwenye mistari myeupe ya kivuko. Pia pembeni mwa barabara zetu lami imeinama kuelekea mtaroni, na soli nene inazidisha ule mwinamo, kwa hiyo sehemu isiyo na magari mengi nakwenda upande mmoja na kurudi upande uleule, ili kila mguu upate zamu yake ya kuwa chini.

Joto ni tatizo jingine. Kitambaa kinapitisha hewa, sawa, lakini zikilowa hazikauki upesi. Povu na sponji ya kisiginoni vinanyonya maji kama kitumbua kwenye chai. Kwa triathlon hilo si dogo, maana unatoka baharini na chumvi yako, unapanda baiskeli, unafika kwenye raba miguu bado mibichi. Nilinyunyiza poda ya mtoto ndani, nikapunguza malengelenge. Na kamba nikazitoa. Nilikwenda kwa fundi cherehani nikanunua lastiki nyembamba ya shilingi 1,000, nikaipitisha kwenye matundu na kuifunga fundo kabisa, sasa naingiza mguu kama kandambili. Katika vyote nilivyonunua, hiyo lastiki ndiyo sijaijutia hata siku moja.

Nilijaribu pia soli za ndani za jeli, shilingi 18,000. Zinakulegeza unaposimama jikoni. Kukimbia, hapana, zinajaza raba, vidole vinabanwa, na kufikia kilomita ya tatu zimeshasogea mbele. Nimempa mama mkwe, anazisifu.

Watu wakisikia naishi Dar hunishangaa: si ukimbie ufukweni? Mchanga upo wa namna mbili. Ule mkavu wa juu, pale Coco wanapouza mihogo, unazamisha mguu, unakula nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ardhi ngumu kwa mwendo uleule, na kano ya kisigino inavutwa kila hatua. Wa kukimbilia ni ule uliolowa na kushikana, ambao bahari imeuacha sasa hivi. Huo huupati kwa matakwa yako. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana na ufukwe unakuwa uwanja, lakini kwetu hapa maji ya bamvua hupwa karibu saa nne asubuhi, jua limeshachoma na mimi niko ofisini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanapwa mapema alfajiri na tena jioni, saa zinazofaa, ila hayaendi mbali, unaachiwa kamkanda kembamba kenye mteremko. Siku zangu ni zile tatu nne kabla ya mwezi kuandama, na vilevile kabla ya mwezi mpevu. Maji yanamaliza kupwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, na kabla ya hapo mchanga umeshafunguka vya kutosha. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo dirisha lenyewe ni siku chache tu, kisha mnaagana mpaka wiki mbili zijazo. Bibi yangu alikuwa anayajua haya kwa kutazama mwezi. Mimi natazama jedwali kwenye simu, halafu mwezi, kuhakikisha simu haidanganyi.

Raba za soli nene huko hazifai. Zinabeba maji na mchanga, na laini juu ya laini inachosha vigimbi. Mkijua nilivaa nini mtacheka: zile za Karume. Ugumu ulionitesa kwenye lami unakuwa mzuri pale mchanga wenyewe unapobonyea. Nakwenda kilomita mbili na kurudi njia ileile, kwa sababu ya mteremko, na mara mbili kwa mwezi ninapata mbio ambayo kesho yake siisikii popote. Usumbufu ni kwamba siku hizo kuogelea hakuna. Maji yameondoka, miamba iko nje, na vile vidude vya miba mirefu myeusi vinakusubiri. Kuogelea kunataka maji yaliyojaa. Ratiba yangu ya mazoezi haikuandikwa na kocha, iliandikwa na bahari.

Siku mbili nyingine za wiki nilikimbia lami na raba mpya, moja kati yake mara tu baada ya kushuka kwenye baiskeli. Hapo ndipo niliposema zimelipa. Ukishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa si yako, inapigapiga tu kama ya mwanasesere, na dakika kumi za kwanza huna uwezo wa kutua kwa adabu. Soli nene inakusitiri mpaka miguu ikurudie. Bila hiyo, kishindo chote kingeishia kwenye ugoko uleule.

Kigamboni nilimaliza. Kilomita tano kwa dakika 37, nusu lami na nusu barabara ya vumbi yenye kokoto, ambazo zinaingia kwenye mifereji ya soli na kukaa humo kama wapangaji wasiolipa. Nilitembea mara mbili. Ugoko haukusema kitu, siku ile wala kesho yake.

Kama unakimbia lami tupu na una uzito wa mtu mzima, nunua, lakini baada ya kupunguza kilomita, siyo badala yake. Kama njia yako ni vitofali na mashimo, tafuta soli ya wastani iliyo pana. Povu la zangu limeanza kulala upande wa nje wa kisigino cha kulia. Raba za namna hii husemwa hudumu kilomita 500 hadi 800. Kwa kilo zangu nazipa 600, kisha nitazivaa sokoni. Kwa sasa zinaanikwa barazani, kivulini, kwa kuwa jua ndilo lililoziua zile za kwanza. Mume wangu naye anavaa namba 41. Ameshazijaribu mara mbili, akadhani sijaona.