Maiki ya USB ya dainamiki kwenye mikutano ya video: uzoefu wangu

Mwenye fedha za kununua kifaa kimoja tu cha mikutano ya video ningemwambia aanze na maiki, kamera itafuata. Picha yenye ukungu watu huivumilia, lakini sauti yenye mwangwi huwachosha wakaacha kusikiliza.

Maiki ninayotumia ni ya dainamiki, yaani aina inayonasa zaidi sauti ya karibu, yenye waya, na inafanya kazi mara tu ukiichomeka bila kusakinisha programu yoyote. Inasikia zaidi upande wa mbele, hivyo mgongo wake nauelekeza kwenye feni na kibodi. Maiki za aina nyingine, za kondensa, ni nyepesi zaidi kunasa sauti, na kwenye chumba chenye kuta tupu zinanasa mpaka mwangwi wa ukutani.

Wengi huilalamikia kwamba sauti yake ni ndogo. Mara nyingi kosa ni mahali ilipowekwa. Inataka iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti yako hupungua kwa takriban desibeli 6, kwa hiyo ukiiweka nyuma ya kompyuta utalazimika kupandisha nguvu ya maiki, na kelele za chumba zitapanda pamoja nayo. Iweke pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo ukisema “pamoja” au “papo hapo”, pumzi ya “p” itapiga ndani yake kwa kishindo. Stendi ndogo inayokuja nayo siipendi kwa sababu inapitisha mtikisiko wa meza kila unapochapa. Mkono wa kufunga ukingoni mwa meza unafaa zaidi.

Ichague sehemu mbili: kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta na ndani ya programu ya mkutano. Ukichomoa waya, programu inaweza kurudi kimya kimya kwenye maiki ya ndani. Kuhakikisha ni rahisi: kwaruza wavu wa maiki kwa ukucha. Mstari wa kiwango cha sauti usiporuka, maiki inayosikika ni nyingine. Kisha zima urekebishaji wa sauti wa kiotomatiki, na upange nguvu ili ukizungumza kawaida mstari ufike kama theluthi mbili. Kichuja kelele kiwe kimoja tu, tena cha kiwango cha chini. Viwili vikifanya kazi pamoja, miisho ya maneno inakatwa.

Visikizio nachomeka kwenye tundu la maiki yenyewe, na hapo mwangwi unaotoka kwenye spika unaisha. Visikizio vya Bluetooth navyo vinafaa, ila kwa kusikiliza tu. Ukitumia na maiki iliyo ndani ya visikizio hivyo, mara nyingi vinahamia hali ya simu, na sauti unayosikia inafifia papo hapo.

Kasoro kubwa ya maiki yangu ni kitufe cha kuzima sauti. Hakiwasiliani na programu, kwa hiyo skrini inaonyesha maiki iko wazi wakati hakuna anayekusikia. Kiache wazi daima, uzime na kuwasha kwenye programu. Kwenye Zoom, ukiwa umejizima, shikilia kitufe cha nafasi unapozungumza na ukiachie ukimaliza. Kwenye Teams ni Ctrl pamoja na nafasi. Ukiizoea njia hii utachangia hoja ikiwa bado moto.

Kuhusu picha, kamera iwe usawa wa macho na mwanga utoke mbele yako. Gizani picha hujaa chengachenga, na hizo huila data bure. Mtandao ukiyumba, zima video kwanza: sauti hutosheka na takriban kilobiti 100 kwa sekunde.

Kwa watu wanne waliozunguka meza moja, maiki hii siipendekezi. Aliye mbele atasikika vizuri na wengine watapotea. Hapo nunueni spika ya mkutano yenye maiki zinazosikia pande zote.