Picha kubwa za ukutani Goma: mpiga picha nyota tano, mchapaji nyota mbili

Mimi ni katibu wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) ya akina mama wanaobeba mizigo karibu na soko la Virunga, hapa Goma. Mwezi wa nne tuliagiza picha nane kubwa za sura zetu, za kubandika barabarani. Tangu hapo kila wiki kuna mtu ananisimamisha: nani alizitengeneza, bei gani, zinadumu? Najibu yote hapa, isipokuwa majina. Mji ni mmoja huu, na kesho nitakutana nao.

Shida yetu ilikuwa hii. Mteja anakubebesha gunia kutoka sokoni mpaka kwake Mabanga, ukilitua anakata bei. "Si nilikuambia franga elfu moja?" Hakukuambia kitu. Ukibisha, wewe ni "mama mizigo" tu, jina huna. Kijana wa mwenyekiti wetu ndiye alituonyesha kwenye simu kazi za mpiga picha Mfaransa anayejiita JR. Mwaka 2011 alianzisha mradi wa Inside Out: watu wa popote wanatuma picha za sura zao, wanachapiwa mabango ya nyeusi na nyeupe, wanayabandika wenyewe mtaani kwao kwa neno wanalotaka kulisema. Sisi hatukumtumia mtu kitu, tulitaka kujifanyia. Neno tulikuwa nalo siku nyingi: "Tupatane bei mbele ya kubeba", yaani kabla ya kubeba.

Mpiga picha ni kijana wa hapa hapa, na huyu nampa nyota zote tano. Alikuja saa kumi na mbili asubuhi, kabla soko halijachemka, akavuta kibao hadi magoti yake yakakaribia kugusa yetu. Lenzi yake ni pana, ya milimita 28, kama ile JR aliyoanza nayo kwa vijana wa Montfermeil, nje ya Paris, mwaka 2004. Lenzi ya namna hiyo inakulazimisha umsogelee mtu, la sivyo sura inabaki ndogo kama punje ya maharagwe. Mama mmoja akamuuliza, "Mtoto wangu, unataka kunipiga picha ao kuninusa?" Tukacheka wote, na kicheko hicho ndicho kilichoko ukutani leo, meno na mapengo yake.

Lakini nyota zenyewe nampa kwa jambo lingine. Baada ya kupiga, alimchukua kila mama pembeni, peke yake, akamuuliza kama kweli anataka sura yake ikae barabarani, watu wote waione. Mbele ya wenzake nani atakataa? Mmoja, alipokuwa peke yake, akasema wakwe zake wanajua anauza mboga. Kijana akaifuta picha ile huku yule mama ameshika kamera mwenyewe, akiangalia. Hakumdadisi. Kwa hiyo tuliagiza nane, zikabandikwa saba. Malipo yake dola 3 kwa sura, na ile iliyofutwa hakuidai.

Sasa mchapaji. Dola 5 kwa karatasi, nusu avansi, yaani unailipa kabla ya kazi. Nilimuuliza mara mbili, huu wino unavumilia mvua? "Hakuna shida, mama." Shida ilikuja siku ya tatu. Mvua ya Goma mnaijua, haipigi hodi. Asubuhi tukakuta macho yametiririka mpaka kidevuni, mama saba wanalia machozi meusi kama tumefiwa. Niliporudi dukani, akasema kosa ni la gundi yetu. Gundi! Ni wino wake wa maji. Nimejifunza baadaye kwamba inayofaa ni mashine ya wino wa unga, kama zile zinazochapa ramani za nyumba. Kabla hujalipa, lowesha kidole kwa mate, sugua kipande cha majaribio. Kidole kikitoka cheusi, ondoka.

Gundi tuliipika wenyewe, unga wa mihogo na maji, ukikoroga mpaka iwe kama uji mzito. (Mama wa pili kwa umri alinung'unika mpaka mwisho: unga mzima unapikiwa ukuta, na ukuta haushibi.) Kosa letu sisi lilikuwa ukuta wenyewe. Tulichagua ule wa mawe meusi ya volkano, uliojengwa baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002, kwa sababu ndipo tunapokaa kungoja wateja. Jiwe hilo lina vinundu na matundu. Karatasi inashika kwenye ncha tu, katikati upepo unaingia na kuichana. Na huko chini, mbuzi wa jirani waligundua ladha ya mihogo. Sura yangu ilipoteza shingo kabla ya saa sita mchana.

Mara ya pili tulichapa kwingine, kwenye turubai, dola 9 kila moja. Tukazipigilia kwenye mbao na kuziegemeza ukutani. Jioni tunaziingiza ndani. Siku ya kuzipokea, mama mmoja alishika pindo, akalivuta, akauliza, "Ikizeeka, naweza kufunikia jikoni yangu?" Yule kijana akasema ndivyo ilivyokuwa Kibera mwaka 2009: JR alifunika mapaa kwa sura za wanawake wa pale zilizochapwa kwenye turubai, na mvua ikazuiliwa humo humo. Angetuambia mapema tungeokoa dola 35.

Mnauliza kama imebadilisha kitu. Bei haijapanda hata franga mia. Ila juzi mwanamume mmoja alisimama mbele ya picha, akasoma maneno kwa sauti, akaangalia picha, akamwangalia mwenyewe aliyekaa chini yake, halafu akasema, "Haya mama, ngapi mpaka Majengo?" Kabla ya kubeba. Walipatana 1,500, akalipa 1,500.

Yule mama aliyefutiwa picha yake amekuja wiki hii kuniuliza kama mpiga picha bado anapatikana. Nimempa namba. Avansi ya turubai moja nimeshaiweka kando, na jirani ameahidi kufunga mbuzi.