Mashine za kukodi maabarani: tathmini yangu

Mashine ya damu na ile ya kemia tunazotumia si mali ya hospitali. Kampuni ilizileta, ikazifunga na kutufundisha kuzitumia. Sisi tunawajibika kununua vitendanishi (kemikali za kupimia) kwao kwa muda wote wa mkataba, na kodi ya mashine imo ndani ya bei hiyo. Mimi nasimamia zamu maabarani, kwa hiyo ninayoyasema ni ya mtu anayezigusa kila asubuhi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba mashine ikiharibika, mzigo ni wa kampuni yenye mashine. Zile tulizokuwa tunamiliki, pampu ikifa tu, tunaanza barua, sahihi, zabuni, kisha kusubiri kipuri huku mgonjwa aliyelazwa anaambiwa akapime nje. Sasa napiga simu na fundi anakuja na kipuri mkononi, maana mashine ikisimama nao hawauzi kitu. Matengenezo kinga yanafuata ratiba, na kila mara fundi anaacha fomu iliyosainiwa. Maabara inayoandaa ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, inazihitaji sana fomu hizo. Madaktari nao wamefaidika: mashine ya zamani ilizigawa chembe nyeupe makundi matatu, hii inazigawa matano, na eosinofili, mojawapo ya makundi hayo, wanazipata bila kuomba slaidi ya darubini kila mara.

Tatizo langu kubwa ni malipo kwa boksi. Kitabu cha kampuni kinasema boksi hili linatosha vipimo kadhaa, na hesabu ya bei ikapigwa hapo. Lakini kitendanishi hakiishii kwa wagonjwa peke yao. Kontroli za asubuhi, yaani sampuli zenye majibu yanayojulikana za kuhakiki mashine, zinakitumia, kalibresheni (kuisawazisha mashine ipime sawasawa) inakitumia, na jibu lenye shaka likirudiwa linakula tena. Zaidi ya hayo, chupa ikishafunguliwa na kuwekwa ndani ya mashine ina siku zake, hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye boksi bado iko mbali. Kreatinini, kipimo cha figo, haina shida, kwani wagonjwa ni wengi na chupa inaisha mapema. Lipezi, kipimo cha kongosho, ndiyo inayoniumiza: wanaoihitaji ni wachache, na nimekuwa nikimwaga chupa ambayo haijafika nusu. Ukigawa fedha tulizolipa kwa majibu yaliyotoka kweli, kila jibu la lipezi linagharimu zaidi sana ya tulivyoahidiwa. Afadhali kulipia jibu lililomfikia mgonjwa, na kontroli, kalibresheni, marudio na maji ya kusafishia mashine yawe juu ya kampuni. Hapo hasara ya chupa iliyolala itawahusu na wao, na watatuletea paketi ndogo.

Jambo jingine, mashine hizi zinasoma msimbo wa chupa na kukataa kitendanishi cha kampuni nyingine. Kontroli zilipochelewa kufika, sikuwa na pa kuazima, na bila kontroli mimi sitoi jibu. Sampuli zikapelekwa maabara nyingine. Mkataba ulitaja adhabu kwetu tukichelewa kulipa, ila haukutaja lolote kuhusu wao wakichelewa kuleta, na hilo si haki kwa mgonjwa.

Usafirishaji wao ni mzuri. Vitendanishi vya kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi huja na kipimajoto ndani ya boksi, nasi tunakisoma kabla ya kusaini. Mafunzo yalikuwa mafupi mno kwa watu wa zamu ya usiku.

Mkataba ukiisha nitapendekeza tuendelee nao, kwa malipo ya kila jibu, akiba ya kontroli ikae kwetu, na muda wa fundi kufika uandikwe kwa saa. Naomba pia kipengele kuhusu siku ya kuondoa mashine: majibu ya wagonjwa yaliyomo kwenye kumbukumbu yake yahamishiwe kwetu, kisha yafutwe mbele yetu kabla haijapakiwa garini.